Maneno Mawili na Shingo ya Katembo

Haya yote ni kweli. Naapa kwa Biblia ya marehemu mama yangu, ambayo panya walianza kuila kwenye Mwanzo wakachoka walipofika Hesabu. Kama humu mna neno moja la kuongezwa, meno yangu manne yaliyobaki yadondoke kwenye chai mbele ya wageni. Wapo waandishi wanaobuni. Mimi nguvu za kubuni sina, nimestaafu.

Basi, ilikuwa Jumanne, mwaka wa sabini na nne, saa mbili asubuhi, kwenye kituo kidogo cha polisi upande wa Kisugu, Kampala. Usikitafute, hakipo tena. Inspekta Saverio Ogwal, mtu wa Lira, mrefu hata kizingiti cha juu cha mlango kilikuwa na kovu la kofia yake, aliinama, akaingia, na kabla hajaketi akaisoma fomu iliyokuwa juu ya kaunta. Akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

Konstebo Oryem akasimama wima. "Mimi, Afande."

"Umeandika *robbery*."

"Ndiyo, Afande. Herufi zote iko. Nilihesabu."

"Kwa nini hukuandika *theft*?"

Oryem akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuja kazini na kaptura ya mtoto. "Afande, kitu ilienda ni cherehani. Cherehani nzima! *Theft* ni ya kuku. Kitu ikikuwa kubwa, inakuwa *robbery*. Ikikuwa gari, neno yake sijui, lakini lazima iko."

Ogwal akavua kofia, akaiweka juu ya fomu kama anayefunika maiti.

"Sikiliza, Oryem. Hayo maneno ni ndugu wa baba mmoja, ila mmoja anatembea mikono mitupu na mwenzake anatembea na rungu. Mtu akiondoka na lori lako zima wewe ukiwa chooni, hiyo ni *theft*. Mtu akimzaba mtoto kofi ili ampokonye andazi, hiyo ni *robbery*. Hatupimi ukubwa wa mali. Tunauliza jambo moja tu: mwenye mali alipigwa au alitishwa ili aiachie?"

"Andazi?" Oryem alisema polepole.

"Hata nusu ya andazi."

"Basi mimi nilifanyiwa *robbery* nikiwa darasa la pili."

"Nakala ya fomu iko wapi?"

"Nakala moja ilienda kambini na tarishi, Afande. Saa moja na nusu."

Hapo Ogwal akakaa. Maana siku hizo *theft* ilipelekwa kwa hakimu, mzee mwenye miwani ya kamba aliyekuwa akitoa miezi mitatu na mawaidha ya nusu saa. *Robbery* ilikuwa na lori lake. Lori la jeshi lilipita kila Jumanne saa kumi kamili, likawapakia wote walioandikiwa neno hilo, likawapeleka kwenye mahakama ya kijeshi. Mahabusu walivua viatu walipoingia kituoni, na chini ya kaunta ya Oryem palikuwa na pea kumi na moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Pea ya kumi na mbili, sandali za tairi, ilikuwa imewekwa asubuhi ile.

Na kulikata neno kwa kalamu hivihivi haikuwezekana. Ofisa aliyefanya hivyo angeitwa mlinzi wa majambazi, naye angevuliwa viatu. Ogwal alihitaji mlalamikaji mwenyewe, na alihitaji ushahidi, na vyote kabla ya saa kumi.

Mwenye sandali alikuwa Katembo, Mnande wa Butembo, fundi wa cherehani pale Mengo, mfupi, mwenye kisanduku cha bati kilichochorwa jogoo. Jogoo huyo ndiye aliyemponza: shahidi alimtaja, na Mengo nzima walimjua mwenye jogoo.

"Mi sikunyang'anya mutu, Afande," alisema kutoka nyuma ya nondo. "Jana mama mwenyewe, Mama Nabosa, alinipa ile mashini na mikono yake mbili. Ilikuwa inaruka mishono. Nikaibeba Mengo, nikaitengeneza. Saa sita akafika, akaikamata, akasema anaenda nayo Kasubi. Kuko kwanjula, watu wanaleta posa, wanawake wanatafuta gomesi, zile kanzu zao za sherehe."

"Kasubi nyumba ya nani?"

"Hakusema. Alikuwa na haraka kama mutu ameacha maziwa motoni. Alisema tu gomesi kumi na moja."

"Ulimtisha?"

"Mimi?" Katembo akajitazama kuanzia kifuani kushuka chini. Safari haikuwa ndefu.

Nje, mkewe Mbambu alikuwa amekaa juu ya jiwe na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kanga. Ogwal alipopita akamshika mkono wa shati. "Afande, huyu bwana yangu anaogopa hata kuku. Nyumbani kwetu anayechinja ni mimi. Nihurumie, usimpandishe ile gari."

Ogwal alitazama saa yake, akaita, "Oryem! Mlalamikaji yuko wapi?"

Mlalamikaji alikuwa amelala ndani ya lori lake mwenyewe nje ya uzio, akikoroma kwa hasira. Muhamadi, Mnubi wa Bombo, dereva wa ndizi, sharubu kama brashi ya viatu. Alikuwa amerudi kutoka Jinja jana jioni, akakuta meza haina cherehani na nyumba haina mke.

"Mashini imeenda, bibi imeenda!" alinguruma. "Jirani ameona kwa macho yake. Huyo mwizi alimuangusha bibi yangu chini, kwa magoti! Wewe unataka nini tena, Inspekta? Damu? Damu pia iko mlangoni!"

"Nataka kuiona. Washa lori."

Nyumba ya Muhamadi ilikuwa karibu, vyumba viwili na ua uliofagiwa. Ogwal alisimama kizingitini muda mrefu bila kugusa kitu, hata Muhamadi akaanza kupumua kama injini yake. Matone mekundu yalikuwapo kweli, matano, kutoka mezani hadi mlangoni. Oryem akachomoa daftari akaandika *damu*. Ogwal akachuchumaa, akagusa tone kwa kidole, akanusa, kisha akamnusisha Muhamadi.

"Mkeo ananuka hivi?"

Muhamadi akanusa. Sharubu zikacheza. "Hii ni mafuta."

"Ya cherehani, yamechanganyika na kutu. Mashine iliyobebwa ikiwa imesimama haimwagi mafuta yake. Hii iliinamishwa, lakini taratibu. Tone, hatua, tone, hatua. Mtu anayekimbia hamwagi hivyo. Oryem, futa *damu*."

"Nimeandika na wino, Afande."

"Basi andika mbele yake *si*."

Kifuniko cha mbao cha mashine kilikuwa kimeegeshwa ukutani, ufunguo wake juu yake. Sindano ilikuwa imechomolewa, ikachomekwa kwenye kitambaa ili isivunjike njiani. Na kwenye kigoda cha wageni palikuwa na kikombe cha chai kilichokwisha, na sahani yenye maganda ya karanga.

"Mzee Muhamadi, mkeo huwa anawapa majambazi karanga?"

"Mimi mwenyewe hanipi," Muhamadi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

Oryem alikuwa ameanza kung'ara. "Basi ni *theft*, Afande! Alikunywa chai, akangoja mama aende jikoni, akabeba!"

"Inawezekana. Hata *theft* naipokea leo kwa mikono miwili. Lakini kuna yale magoti. Mtu akimpigisha mwenye mali magoti, karanga hazimwokoi. Niitie shahidi."

Shahidi alikuwa Anselme, kijana kutoka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambaye alikuwa na wiki tatu tu Kampala. Lazima isemwe kwamba alikuwa mzuri wa sura, nywele amezichana vizuri, na kichwani mwake mlikuwa na akili nyingi ambazo kwa bahati mbaya siku ile hakuzitumia. Alisimama uani, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Ulikuwa wapi?" Ogwal aliuliza.

"Pale, kwa dirisha yangu, Afande. Ilikuwa saa tatu hivi. Yule mufupi wa jogoo akafika mulangoni. Mama akatoka. Mara akaanguka magoti."

"Alianguka au alipiga magoti?"

"Alishuka. Magoti yote mbili! Kichwa chini. Yule mwanaume akamuonyesha mikono."

"Mikononi alikuwa na nini? Kisu?"

"Hapana. Mikono tu. Lakini mama aliogopa sana, Afande. Alikuwa anaongea polepole, kama mutu anaomba uhai. Na yule naye anajibu polepole. Wakaenda hivyo, wee, muda murefu. Mi nikasema, huyu ni jambazi mukubwa, hata hapazi sauti."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga dirisha."

Kalamu ya Ogwal ilisimama. Alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, upande ambao Muhamadi hakuuona. Ila tabasamu si ushahidi. Akatazama ng'ambo ya ua wa michongoma, ambako mama mmoja mtu mzima, jirani, Mganda, alikuwa akianika nguo huku akisikiliza kila neno.

"Nyabo," Ogwal alimwita kwa adabu, "tusaidie maji ya kunywa, tafadhali."

Yule mama akaingia ndani, akatoka na bilauri juu ya sahani. Akapita kwenye upenyo wa ua, akafika mbele ya Inspekta, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akainamisha kichwa, akaanza kwa sauti ya chini: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za kazi, na pole na kazi hiyo. Ogwal akanyoosha mikono yote miwili kupokea bilauri, akajibu polepole, moja baada ya nyingine, maana salamu za Kiganda hazirukwi.

Nyuma yake kukasikika kelele.

"Afande! Umemufanya nini huyu mama? Mama, simama! Usimupe kitu! Mimi ni shahidi!"

Mama aliyepiga magoti akageuza shingo, akamtazama Anselme kuanzia nywele hadi viatu. "Huyu bambi, maskini, ni mgonjwa?"

"Hapana, nyabo. Ni mgeni." Ogwal akanywa maji yake yote kwanza. "Kijana, kwenu Kalemie mwanamke mwenye heshima humsalimu vipi mgeni mlangoni?"

"Anasimama, anatoa mukono." Sauti ya Anselme ilikuwa imeanza kupungua. "Mutu anapiga magoti kanisani, Afande. Kanisani, ao mbele ya bunduki."

"Hapa Buganda anapiga magoti mbele ya fundi wa cherehani, na ya mtu wa posta, na ya mkwe, na hata ya Konstebo Oryem kama amekuja kwa adabu. Ulichoona jana si jambazi. Ulimwona mama aliyelelewa vizuri."

Muhamadi alikuwa ameshika sharubu zake kwa mikono miwili. Mtu wa Bombo, ameoa Mganda, miaka tisa anapigiwa magoti akirudi kutoka safarini, na alipoambiwa neno *magoti* akaliona jambazi. "Mimi pumbavu," alisema.

"Hilo tutaliandika baadaye," Ogwal alisema. "Sasa ni saa tano na nusu. Nguvu haikutumika, kwa hiyo *robbery* imekufa. Lakini imekufa hapa uani. Kwenye fomu bado inapumua, na Sajenti wa lori hatasikiliza habari za karanga. Anachoweza kukubali ni mke mzima na mashine nzima. Twende Kasubi."

Kasubi wiki ile ilikuwa na kwanjula tatu. Kwenye nyumba ya kwanza walikuta wazee wakibishana kuhusu jogoo wa kumpa shemeji, wakazuiwa nusu saa wanywe. Kwenye ya pili watu walipoona lori la ndizi na mwenye kofia ya polisi, sherehe nzima iliruka ua, pamoja na bibi harusi. Saa nane ikagonga. Muhamadi aliendesha kichwa nje ya dirisha akiita jina la mkewe kwa sauti ambayo makaburi ya wafalme yaliyoko pale, nadhani, hayajaisahau.

"Zima injini," Ogwal alisema ghafla.

Muhamadi akazima. Kutoka nyuma ya migomba ikaja sauti: *taka-taka-taka-taka*, mfululizo, haijikwai.

"Unasikia, Oryem? Hairuki mshono hata mmoja. Katembo ni fundi kweli."

Nabosa alikuwa amekaa chini ya kibanda cha nyasi, cherehani juu ya sanduku, anazungusha gurudumu la mkono, pini mdomoni, amezungukwa na wanawake tisa waliokwisha kuvaa gomesi za rangi ya machungwa, na wawili waliobaki na mashati ya ndani wakingoja zao. Alimwona mumewe, akatoa pini.

"Ssebo! Unatafuta nini huku?"

"Nakutafuta wewe! Umeibwa!"

"Mimi? Kaniiba nani?"

"Si ulipotea!"

"Nilikwambia Ijumaa, Kasubi, siku mbili, gomesi kumi na moja. Ukasema ndiyo."

"Ijumaa nililala!"

"Ulisema ndiyo ukiwa umelala. Miaka tisa ndiyo zako zote unazisemea usingizini."

Ogwal akamweleza kwa maneno machache: Katembo, lori, saa kumi. Nabosa akainuka palepale, uso umebadilika. Lakini shangazi wa bibi harusi, mama wa kifua kipana, alikuwa amekwisha kuegemea cherehani.

"Hii haitoki hapa. Wageni wanakuja saa kumi na moja. Gomesi mbili hazijaisha. Unataka tuwapokee wakwe na mashati ya ndani?"

"Mama, kuna mtu atakufa," Ogwal alisema.

"Na mimi nitakufa kwa aibu."

Ogwal akatazama gomesi, akatazama lori. "Mzee Muhamadi, unaweza kuendesha bila kurusha mtu?"

"Nimebeba mayai kutoka Mbale."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba saa tisa na robo lori la ndizi lilishuka Kasubi likiwa na wanawake kumi na wawili mgongoni na shangazi kwenye kiti cha mbele akishikilia usukani kwa macho. Nabosa alishona njia nzima. Konstebo Oryem alikumbatia cherehani isiteleze, Inspekta Ogwal alishika upindo wa gomesi ya kumi, na wanawake waliimba nyimbo za kumsifu fundi ambaye hawakuwahi kumwona. Kwenye mteremko wa Mengo gomesi ya kumi na moja ilikatwa uzi.

Lori la jeshi lilikuwa limefika kabla yao. Injini ilikuwa inawaka. Katembo, miguu mitupu, alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya nyuma, na Mbambu alikuwa ameushika ule mwingine, na hakuna askari aliyejua amwachishe vipi.

"Inspekta," alisema Sajenti, mtu mkubwa mwenye fomu mkononi, "mtu yako iko na neno. Mimi nachukua neno."

"Neno si lake, Afande. Mwenye mali yuko hapa. Hii ndiyo cherehani, na huyu ndiye mke aliyedhaniwa kanyang'anywa."

"Shahidi anasema ilikuwa kwa nguvu. Imeandikwa. Mwanamke alianguka kwa magoti."

Ogwal akasogea kando. Na wanawake kumi na wawili, mpya kama sarafu, mabega juu, walishuka kutoka lorini mmoja mmoja, wakajipanga mbele ya Sajenti, na kwa kuwa ni mgeni na ni mkubwa na ni saa ya heshima, wakapiga magoti wote kwa pamoja, wakamwuliza habari za mchana.

Sajenti akarudi nyuma hatua. "Wanataka nini hawa?"

"Wanakusalimu, Afande," Ogwal alisema kwa upole. "Lakini nikiandika kama shahidi wetu alivyoandikisha, basi wewe hapa sasa hivi unafanya *robbery* kumi na mbili."

Askari mmoja nyuma ya lori akakohoa. Wa pili akakohoa zaidi. Kisha Sajenti mwenyewe akaanza kucheka, tumbo kwanza, akacheka hadi akaegemea boneti, akairudisha fomu. "Chukua mtu yako. Lakini kisanduku cha kosa lazima ikuwe na neno. Mkubwa hataki kisanduku tupu."

Ogwal akaweka fomu mgongoni kwa Oryem. Akakata *robbery*. Akaifikiria *theft*, akaona haikufanya kazi yoyote siku ile ya kustahili kuandikwa. Juu yake akaandika neno la tatu, *greeting*.

Oryem akageuza shingo. "Hiyo salamu ni kosa, Afande?"

"Siku hizi sijui. Lakini ni Kiingereza, na lina herufi zote."

Hapo ndipo nilipokuwa nimeimaliza sura hii. Jumamosi iliyopita nikamsomea rafiki yangu Katembo, maana macho yake sasa hayasomi, na Mbambu alikuwa jikoni akisikiliza. Katembo alicheka vizuri hadi mwisho. Kisha akanigeuzia lile sikio lake ambalo bado linasikia.

"Wanawake walikuwa wanne," alisema.

"Kumi na wawili wanapendeza zaidi."

"Na hakuna aliyeshona ndani ya lori."

"Katembo, ni riwaya."

"Uliapa. Na ule Sajenti hakucheka. Alibaki kimya, anatazama wale wanawake, muda murefu, murefu. Mi nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Halafu akapanda lori, akaenda. Hakusema kitu. Mpaka leo sijui sababu."

Nikarudi ukurasa mmoja nyuma.

"Na yule shahidi," Mbambu aliita kutoka jikoni. "Yule wa Kalemie, muzuri wa sura, mwenye akili nyingi. Nani amekuambia alikuwa muzuri, Anselme?"

Nikakunja karatasi zangu.

"Miaka hii yote," Katembo alisema taratibu, wala hakuwa na hasira, "umenisaidia kujenga nyumba, umenisimamia watoto ubatizo, na ile neno moja hujawahi kulisema. Unazunguka tu na hadithi."

Basi nikalisema. Halikuwa refu. Katembo akaitikia kwa kichwa, na Mbambu akatoka jikoni anafuta mikono, akasema kwamba kwao kosa kama hilo halifungwi kwa mdomo, linafungwa kwa mbuzi, tena dume, tena leo.

Nimemnunua. Mbambu alimchinja mwenyewe, Katembo akiwa ameangalia ukutani, na mimi nikapewa kwato.